Muulize Msimamizi: Makumbusho ya watoto yanapanuliwa, na mlango haufungwi

SWALI

Shikamoo mama. Ninasimamia makumbusho madogo ya watoto hapa Dodoma mjini, kwenye nyumba ya zamani ya vyumba vitano. Kwetu mtoto anaruhusiwa kushika: anapiga ngoma, anajaribu zeze na ilimba, anafinyanga udongo, anapanga mawe kwa rangi. Tumepata fedha za kukarabati nyumba na kuongeza ukumbi mkubwa kwa nyuma. Bodi imegawanyika. Wengine wanataka tufunge mwaka mzima ili kazi iishe haraka. Mimi naogopa, maana mishahara yetu inatoka kwenye kiingilio, na shule zikikosa kuja mwaka mmoja ni kazi kuzirudisha. Mkandarasi yeye anasema, “Watoto waje tu, tutafunga turubai.” Je, inawezekana kubaki wazi?

Mlezi wa makumbusho, Dodoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, na natamani bodi yako ikusikilize. Ila siyo kwa turubai.

Nimesimamia ujenzi wa madarasa, zahanati na wodi za wazazi, mara nyingi watu wakiwa ndani ya jengo. Jambo la kwanza ninaloangalia ni kama mkandarasi alijua, kabla hajataja bei, kwamba jengo litaendelea kutumika. Aliyepiga hesabu ya nyumba tupu atakuona wewe na watoto wako ni kikwazo kila asubuhi. Aliyejua tangu mwanzo ameshaweka gharama ya uzio, ya ukuta wa muda, ya saa ambazo mashine hazitawashwa. Kwa hiyo usisaini bado. Mrudishe mezani, na kila kitu cha kuwalinda watoto kiandikwe kwenye mchanganuo wa gharama kwa mstari wake na fedha yake. Kikitumbukizwa kwenye “mengineyo” kitaliwa na nondo na saruji kabla msingi haujafika usawa wa ardhi. Hakikisha pia mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na eneo la kazi limesajiliwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kama sheria ya mwaka 2003 inavyotaka.

Halafu mpangilio. Jengeni ukumbi mpya kwanza, wote, mpaka rangi, bila kugusa ukuta unaoutenganisha na nyumba ya zamani. Ukikamilika, hamisheni watoto na vitu vyao humo, ndipo nyumba ya zamani ikarabatiwe ikiwa tupu. Ukuta wa kuunganisha mtautoboa mwishoni kabisa. Mafundi hawaupendi mpango huu kwa sababu unawanyima raha ya kuvunja siku ya kwanza, lakini ndio unaokuwezesha kusema kwa uhakika kwamba leo watoto wako huku na kazi iko kule.

Kwa majira yetu, chimbeni msingi mvua zikishakatika, Mei hivi, na mhakikishe paa limefungwa kabla ya mvua za Desemba. Januari mzazi analipia sare na madaftari, hana fedha ya kiingilio, na shule ndiyo kwanza zinapanga ratiba. Kazi za ndani zenye kelele nyingi ziwekeni hapo.

Sasa vumbi, na hapa nivumilie, kwa sababu ndilo ninaloliogopa kuliko vyote. Turubai linapigwa na upepo, linapumua kama mfuko, na kila likipumua linasukuma vumbi upande wa watoto. Unachohitaji ni ukuta wa muda hasa: fremu ya mbao, plaiwudi au jipsamu, nailoni nzito juu yake, kila kiungo kimefungwa kwa mkanda wa gundi. Ukuta huo uanzie sakafuni na upite juu ya dari mpaka ufike kwenye bati. Watu wengi wanaishia kwenye dari. Panda ngazi ufungue ubao mmoja wa dari uangalie mwenyewe: juu ya vyumba vyote vitano pana uwazi mmoja tu, na vumbi la chumba kinachovunjwa linatembea humo na kushukia chumba cha ngoma.

Upepo wetu muda mwingi unatoka mashariki. Meza ya kukatia tofali na vigae iwe magharibi ya jengo, na grinda isiguse kitu kikavu; maji yatiririke kwenye kisu. Vumbi la tofali, zege na vigae lina chembe za silika ambazo pua haizizuii, zinashuka mpaka ndani ya mapafu na kubaki humo. Upande wa watoto marufuku ufagio mkavu. Pigeni deki asubuhi kabla ya kufungua, na tena mchana.

Kipimo changu ni rahisi. Jioni weka sahani nyeusi iliyofutwa vizuri kwenye chumba cha watoto kilicho karibu zaidi na kazi, chini kabisa sakafuni, kwa sababu huko ndiko mtoto wa miaka mitatu anakopumulia. Asubuhi pitisha kidole. Kidole kikiacha mstari, chumba hicho hakifunguliwi mpaka tundu lipatikane. Fanya hivyo kila siku na uandike kwenye daftari, mkandarasi akiwa amesimama hapo.

Ngoma na zeze vifungwe kwa shuka safi za pamba na vihamishwe mapema. Ngozi na mbao zinaumia kwa vumbi na kwa joto la chumba kilichofungwa bila hewa.

Kuna kazi mbili ambazo zikianza, makumbusho yanafungwa, hakuna mjadala. Ya kwanza ni paa la asbesto. Nyumba za zamani zinaweza kuwa nalo, hasa kwenye mabanda ya nyuma: karatasi nene za kijivu zenye mawimbi, ngumu kama saruji. Likiwa zima limetulia halina haraka. Likivunjwa, likitobolewa au likisuguliwa linatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, na nyuzi hizo husababisha saratani miaka mingi baadaye. Hakikisha fundi halipigi nyundo. Watafutwe wataalamu wenye vifaa, wailoweshe kila karatasi, waishushe nzima, waifunge kwenye nailoni, na wasimamizi wa mazingira wa serikali waulizwe itupwe wapi. Ya pili ni rangi ya zamani. Rangi za miaka hiyo mara nyingi zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua. Msasa mkavu na moto wa kubandulia rangi havitakiwi. Ukuta uloweshwe, makapi yaokotwe yote. Na unaponunua rangi mpya, soma kopo na umtake muuzaji akuonyeshe kwamba haina risasi.

Siku hizo za kufunga msikae bure. Pakieni masanduku: ngoma moja, mawe kumi, udongo, picha za michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, muende shuleni. Makumbusho ya watoto ya Brooklyn kule Marekani, yaliyofunguliwa mwaka 1899 na kuhesabiwa kuwa ya kwanza ya watoto duniani, yalipobomolewa majengo yake ya zamani miaka ya 1960 hayakukaa kimya. Yalihamia kwenye jengo la muda na kuendelea kupokea watoto mpaka jengo jipya lilipofunguliwa mwaka 1977. Mwambie hilo mjumbe wa bodi anayedhani chaguo ni mawili tu.

Njia. Geti la watoto na geti la malori yasiwe moja, hata kama itabidi mvunje kipande cha uzio upande wa pili. Mchanga, kokoto na saruji vishushwe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Lori linalorudi nyuma halimwoni mtoto, na dereva wa bajaji anayeshusha familia getini hamwoni dereva wa lori. Uzio uwe wa mabati marefu kuliko mtu mzima, misumari yote ikunjwe, na chini usiachwe upenyo wa kutambaa.

Milango ya dharura ihesabuni upya kila kazi inapohama. Ukumbi mpya utaziba mlango wenu wa nyuma; nina hakika, kwa sababu umesema uko nyuma. Kabla haujazibwa, mwingine uwe umeshafunguliwa, usiwekwe kufuli wala mifuko ya saruji mbele yake. Waiteni Zimamoto na Uokoaji waje wakague, mfanye na zoezi na watoto wenyewe. Namba yao, 114, ibandikwe pande zote mbili za ukuta wa muda.

Kuhusu maji, unajua mgao wetu. Zege linataka kumwagiliwa siku saba, na fundi hatauliza maji ni ya nani. Matangi yawe mawili, na la vyoo vya watoto liwe na kufuli. Nimeona kazi moja ambapo vyoo vya wanafunzi vilikauka wiki nzima huku nguzo zikinyweshwa asubuhi na jioni, na mpaka leo nikilikumbuka nakasirika.

La mwisho kwako. Teua mtu mmoja wa kwenu, siyo wa mkandarasi, mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo. Iandikwe kwenye mkataba kwamba akiinua mkono mashine inazimwa kwanza, maelezo baadaye. Kazi hiyo mpe mtu asiyeona haya kuwazuia wanaume wakubwa. Kila asubuhi yeye na msimamizi wa mafundi wakutane dakika chache: leo wanakuja watoto wangapi, leo mnavunja nini. Shule yenye watoto themanini ikija, siku hiyo mafundi wapige plasta.

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, Kongwa. Tulipanga ziara ya makumbusho ya watoto, tukasikia yako kwenye ujenzi. Nina watoto wawili wenye pumu. Niahirishe?

Mwalimu, Kongwa

JIBU

Marahaba mwalimu. Usiahirishe kabla ya kupiga simu. Waulize siku moja kabla: kesho mnakata au mnavunja nini, na umbali gani kutoka walipo watoto? Akijibu kwa kutaja chumba na saa, huyo anajua anachofanya. Akisema “njooni tu hakuna shida”, tafuta tarehe nyingine.

Kaa na wazazi wa wale wenye pumu kabla ya safari. Dawa ya kuvuta ibaki mkononi mwako au mfukoni mwa mtoto, isiachwe kwenye begi ndani ya basi, na mwalimu wa pili ajue namna ya kuitumia. Wakianza kukohoa toka nao nje upande unakotokea upepo, usisubiri maelezo yaishe. Basi lishushe kwenye geti la watoto na dereva asiondoke mpaka umemhesabu wa mwisho akiwa ndani.

Na wakiruhusiwa kuangalia ujenzi, wape muda. Kwa watoto waliokulia karibu na tembe, nyumba yenye paa la udongo lililolala juu ya miti, kuona nondo zinafungwa na zege linamiminwa kuna maswali mengi mazuri. Waulize tembe linapozaje joto la mchana wakati bati linachoma. Wengi wao watakuwa na majibu kuliko wewe na mimi.

SWALI

Habari za kazi mama. Mimi ni fundi mwashi, Nkuhungu. Nimepata kazi kwenye jengo ambalo watoto wanaendelea kuingia. Wenye jengo wanataka niwaonyeshe watoto kazi mara moja kwa wiki. Sijawahi kufundisha mtoto zaidi ya wangu. Nifanyeje, na vijana wangu niwaambie nini?

Fundi, Nkuhungu

JIBU

Nzuri, fundi. Nimefurahi kusoma barua yako kuliko unavyodhani. Watoto watakumbuka mikono yako baada ya kusahau kila kibao cha maelezo ukutani.

Vijana wako waambie haya kabla ya siku ya kwanza: hakuna anayevuka ukuta wa muda, hakuna anayetumia choo cha watoto, hakuna anayempiga mtoto picha wala kumtuma dukani, na matusi yanabaki nyumbani. Asiyeweza, mpeleke kazi nyingine.

Wenye jengo waambie wakate vidirisha kwenye uzio na kuviziba kwa plastiki ngumu inayoonyesha. Viwe vya urefu tofauti, kimoja chini kabisa kwa anayetambaa na aliye kwenye kiti cha magurudumu. Siku nyingine watoto watajifundisha wenyewe kupitia hapo.

Siku yako ya kuonyesha, usiwaingize kwenye kazi. Toka wewe, uje upande wao na timazi ya kupimia wima, pimamaji ya kupimia usawa, kamba na mwiko. Ning'iniza timazi kwenye mti, ikae inayumba, wala usiseme neno. Watanyamaza wenyewe kuingoja itulie. Ikitulia, sogeza ubao uliosimama kando yake na uwaulize kama umenyooka au umelala. Watabishana. Waache wabishane, kisha kila mmoja aje apime kwa jicho lake. Baada ya hapo wape tofali ndogo wajenge ukuta wa magoti, na wewe upite na pimamaji uwaonyeshe kiputo kinakimbilia wapi.

Tope lao likoroge kwa udongo wa kichuguu na maji, usitie saruji hata kidogo, kwa kuwa saruji mbichi inaunguza ngozi na macho. Kisha wanawe mikono, maji yakiwa tayari kwenye ndoo yenye bomba kabla hamjaanza.