Maswali yenu: Kijapani cha bure na watu wanaokiandika

Tangu nigusie hapa kamusi na miongozo ya Kijapani inayoandikwa na watu wa kujitolea mtandaoni, maswali yamekuja mengi. Najibu matano.

Nina simu tu, ada ya darasa sina. Nianzie wapi? (Msomaji, Morogoro)

Anza na hiragana, herufi 46 za msingi. Una bahati: Kijapani kina irabu a, i, u, e, o kama sisi, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. *Sakana*, yaani samaki, utalitamka vizuri mara ya kwanza. Kwa sarufi, mwongozo wa Tae Kim ni bure, ila umeandikwa kwa Kiingereza. Kwa kukariri, tumia Anki, programu ya kadi aliyoianzisha Damien Elmes mwaka 2006. Neno linalokusumbua hurudi upesi, ulilolizoea hukawia. Kwenye Android hulipi kitu, lakini toleo rasmi la iPhone linauzwa.

Nani anaandika kamusi hizi, na anafaidi nini? (Mama wa wanafunzi wawili, Mombasa)

Kamusi nyingi za bure za Kijapani, ikiwemo Jisho, huteka maji kisima kimoja kiitwacho JMdict. Ilitokana na EDICT, faili aliloanzisha Jim Breen wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwaka 1991. Leo ina vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa, zaidi ya 200,000. Yeyote anaweza kupendekeza neno au sahihisho, na wahariri hulipima kabla ya kuliingiza. Hata mwenye biashara anaruhusiwa kuitumia, mradi ataje ilikotoka.

Faida yao, mama, ni kuona neno walilolihangaikia likimsaidia mtu wasiyemjua. Mimi jambo hili hunigusa kila ninapofungua kamusi. Maana nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na zipo pia za Kijerumani, Kifaransa, Kirusi na nyingine chache. Kiswahili hakimo, na hilo linaniuma.

Je, sentensi za mifano kwenye kamusi hizi ni za kuaminika? (Mwalimu, Kigoma)

Si zote. Nyingi zilikusanywa na wanafunzi wa Profesa Yasuhito Tanaka huko Japani: jozi kama 212,000 za Kijapani na Kiingereza, zenye makosa tele ya kuchapa na misemo isiyo ya kawaida. Watu wa kujitolea wamezisafisha kwa miaka mingi. Sasa ziko Tatoeba, hazina ya sentensi iliyoanzishwa na Trang Ho mwaka 2006. Jina hilo kwa Kijapani ni "kwa mfano". Kabla ya kumfundishia mtu, angalia sentensi ina mwenyewe nani, yaani mchangiaji anayeisimamia. Ikiwa ni ya mzawa wa lugha, itumie. Ikiwa haina mwenyewe, iache kwanza.

Nasafiri kwenda Tokyo. Nibebe nini kwenye simu? (Msomaji, Muscat)

Kurasa za Japani za Wikivoyage, mwongozo wa safari unaoandikwa na watu wa kujitolea, ambazo unaweza kuzipakua kwa programu ya Kiwix ukazisoma bila bando, pamoja na ramani ya OpenStreetMap, nayo huchorwa na watu wa kujitolea, kupitia programu ya Organic Maps. Ramani usiisahau kabisa, kwa sababu mitaa mingi ya Japani haina majina. Anwani hufuata eneo, kipande cha eneo, kisha namba ya jengo. Bakshishi usitoe, si desturi yao.

Kijapani changu ni kidogo, Kiingereza cha kubabaisha. Naweza kuchangia? (Fundi, Bukavu)

Ndugu yangu, wewe ndiye tunayekuhitaji. Tatoeba huwasihi watu waandike kwa lugha yao ya kuzaliwa, na Kiswahili kinapokelewa.

Kisha tazama tulichonacho. Wajapani wakimaliza kazi huambiana *otsukaresama*. Waandishi wa Kiingereza huhangaika nalo, mara "umefanya vizuri", mara "asante kwa juhudi", na bado halikai. Sisi tunasema "pole na kazi", basi. Mgonjwa huambiwa *odaiji ni*. Kwetu ni "ugua pole". Mgeni mlangoni huita *gomen kudasai*, naye Mswahili hupiga hodi. Anayejifunza kupitia Kiingereza huzungushwa mbali kufika kwenye maneno ambayo bibi yake huyasema kila siku.

Kwa hiyo usitunge sentensi za Kijapani, waachie wenyewe. Chukua tano fupi unazozielewa, za salamu au za sokoni, uzitafsiri kama unavyosema nyumbani. Mkiwa wawili, mmoja aandike na mwingine asome kwa sauti. Ikisikika kama tangazo la ofisini, irudieni.