Daftari la mkojo kwa wagonjwa wa tezi dume: maneno kwa wanaoanza kliniki

Ninyi mnaoanza kazi katika kliniki za hapa Tanga mtawapokea wazee wengi wanaolalamika kwamba usiku hawalali kwa haja ndogo, na kwa kuwa tezi dume kweli imekua, mtashawishika kuandika dawa yake papo hapo. Nilifanya hivyo kwa mzee mmoja wa Ngamiani, naye akarudi baada ya mwezi akiwa bado anaamka mara tatu. Ndipo nilipompa daftari la mkojo, akaandika kwa siku tatu, usiku na mchana, saa ya kila haja ndogo, kiasi chake kwa mililita, alichokunywa, na saa za kulala na kuamka.

Siku ya kwanza alitoa mililita 1,800 kwa saa 24. Usiku alitoa 250, 220 na 200, na alfajiri 230, jumla 900, yaani nusu nzima. Mkojo wa kwanza wa asubuhi huingia katika kiasi cha usiku, kwa sababu umetengenezwa mtu akiwa amelala, lakini hauhesabiwi kuwa ni kuamka. Ule wa mwisho kabla ya kulala ni wa mchana. Wageni wengi hukosea hapo. Kwa mtu aliyepita miaka 65, kiasi cha usiku kikizidi theluthi moja, figo zinatoa mkojo mwingi usiku, jambo ambalo dawa ya tezi dume hailipunguzi. Nilipomkagua upya niliona miguu imevimba, na dawa yake ya kukojosha alikuwa akiinywa baada ya swala ya isha.

Angekuwa anatoa mililita 80 au 100 kila mara, ningekitilia shaka kibofu chenyewe. Na mkojo ukiwa mwingi mchana na usiku, pimeni sukari. Daftari halionyeshi mkojo unaobaki kibofuni, kwa hiyo msiliache litangulie kipimo cha picha cha ultrasaundi pale mzee anaposema hamalizi kukojoa vizuri.

Angalieni sana saa. Fomu tuliyokuwa nayo ilihesabu kuanzia usiku wa manane, hivyo aliyekojoa saa nane usiku aliandika kwenye mstari wa 8, nami nikausoma kuwa saa mbili asubuhi. Tangu hapo nachora fomu kwa mkono, usiku upande mmoja na mchana upande wa pili, kwa saa zetu.

Chombo kiwe jagi la plastiki lenye alama, ambalo mmempa ninyi wenyewe na halitarudi jikoni, kwa sababu mzee hatachukua kikombe cha nyumbani akakitia najisi; atakadiria tu kwa macho, nanyi mtapokea namba zinazofanana kutoka juu hadi chini. Na katika mwezi wa Ramadhani, maji yote yanaponywewa kati ya futari na daku, daftari la mtu aliyefunga lisubiri hadi Shawali.