Msako wa vijiweni au ulinzi shirikishi? Jibu kwa mwenyekiti wa mtaa, Mtwara

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa mtaa katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kila msimu wa korosho unapofunguliwa na fedha za minada zinapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, ukwapuzi wa simu kwa kutumia pikipiki na uvunjaji wa nyumba huongezeka mtaani kwetu. Mkutano wa wananchi umetoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kuliomba Jeshi la Polisi lifanye msako na kuwakamata vijana wote wanaoshinda vijiweni, kwa hoja kwamba jiji la New York lilisafishwa kwa njia hiyo. La pili ni kuunda kikundi cha ulinzi shirikishi, ambapo kila kaya itachangia shilingi 2,000 kwa mwezi na asiyechangia atatozwa faini. Lipi lina faida, na sheria inaruhusu kiasi gani?

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, nianze na New York, kwa kuwa ndiyo hoja iliyobeba pendekezo la kwanza, nayo imefika mkutanoni kwenu ikiwa nusu.

Mwaka 1982 wataalamu wawili wa Marekani, James Q. Wilson na George Kelling, waliandika kwamba dirisha lililovunjika likiachwa bila kutengenezwa humtangazia kila mpita njia kuwa mahali pale hapana mwenyewe, na kwamba fujo ndogondogo zikivumiliwa hukaribisha uhalifu mkubwa. Rudolph Giuliani alipokuwa meya wa New York mwaka 1994, yeye na mkuu wake wa polisi, William Bratton, waliifanya nadharia hiyo kuwa sera, na watu wakaanza kukamatwa kwa makosa kama kupanda treni bila kulipa nauli au kunywa pombe hadharani. Mauaji, ambayo mwaka 1990 yalizidi 2,200, yalishuka hadi 633 mwaka 1998. Takwimu hizo ni za kweli, na ndizo zinazotajwa kila mahali.

Kisichotajwa ni kwamba mauaji hayo yalikuwa yameanza kupungua kabla Giuliani hajaingia ofisini, na kwamba katika miaka hiyohiyo uhalifu ulipungua sana pia San Diego, ambako polisi walichagua kufanya kazi bega kwa bega na wananchi badala ya kukamata kwa wingi. Baadaye polisi wa New York walikwenda mbali zaidi, wakawa wanasimamisha na kupekua watu barabarani. Mwaka 2011 peke yake walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, na takriban mara tisa katika kila kumi aliyesimamishwa aliachiwa bila kushtakiwa wala kuandikiwa faini. Agosti 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho, Shira Scheindlin, aliamua kwamba utaratibu huo ulivyotekelezwa ulivunja Katiba ya Marekani. Kufikia mwaka 2015 usimamishaji ulikuwa umeshuka chini ya mara 23,000, na mauaji, ambayo wengi walitabiri yangepanda, yalikuwa 352 ikilinganishwa na 515 ya mwaka 2011. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kilichoiokoa New York. Kwa maoni yangu, jambo lenye manufaa zaidi alilolileta Bratton ni lile lisilosimuliwa mikutanoni, yaani kuweka kila tukio kwenye ramani na kumwita kila kamanda aeleze mbele ya wenzake kwa nini mahali fulani, saa fulani, watu wanazidi kuibiwa.

Kwa upande wa sheria, anayeshinda kijiweni hatendi kosa kwa sababu tu ameketi pale. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vya uzembe na uzururaji tulivyorithi kutoka kwa Waingereza, ambao walikuwa na sheria yao ya wazururaji tangu mwaka 1824, na kwa miaka mingi misako ya mijini imeegemea hapo. Hata hivyo, tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa humwadhibu mtu kwa hali yake na si kwa tendo lake. Ibara ya 15 ya Katiba yetu nayo inalinda uhuru wa mtu binafsi. Mkiomba msako wa jumla, mnawaomba polisi wafanye kitu ambacho wakili yeyote makini atakipinga.

Sheria si kikwazo pekee. Mkwapuaji anayetumia pikipiki hapatikani kijiweni, kwa sababu anapita tu. Wanaomwona akipita, akigeuza, akificha namba za usajili kwa matope, ni vijana wale wale wa kijiweni na madereva wa bodaboda waliopaki jirani. Ukiwapakia wote kwenye gari la polisi Jumamosi usiku, umewapoteza mashahidi wako kwa msimu mzima. Na hapa Mtwara imani kati ya raia na polisi ina makovu yake: ghasia za mwaka 2013 za kupinga gesi kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, na maofisa wa polisi waliofikishwa mahakamani mwaka 2022 kwa tuhuma za kumuua kijana mfanyabiashara. Sitaki kuzidisha uzito wa hayo, lakini kiongozi wa mtaa asiyeyapima atashangaa kwa nini hakuna anayekwenda kituoni kutoa ushahidi.

Nikija kwenye pendekezo la pili, doria za usiku zinazozunguka mtaa mzima bila mpango hazina matokeo mnayoyatarajia. Mwaka 1972 polisi wa Kansas City, Marekani, waliligawa eneo lenye sehemu 15 za doria katika makundi matatu. Kundi la kwanza waliliondolea doria za kawaida, polisi wakawa wanaingia pale tu wanapoitwa. La pili waliliacha kama lilivyokuwa. Na la tatu walilizidishia doria mara mbili hadi tatu. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika uhalifu, wala wananchi wenyewe hawakuwa wametambua mabadiliko.

Jibu la fumbo hilo lilipatikana Minneapolis mwaka 1989, pale Lawrence Sherman na wenzake walipochunguza simu zilizopigwa polisi wakakuta kwamba karibu nusu ya simu zote zilitoka kwenye takriban asilimia 3 tu ya anwani za jiji. Uhalifu hulalia sehemu chache, na doria inayogawanywa sawasawa hupoteza muda wake mwingi mahali ambapo hakuna kinachotokea. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa inatosha askari kusimama mahali penye matukio mengi kwa dakika 10 hadi 15, akaondoka, kisha akarudi kwa saa isiyotabirika. Philadelphia ilipopeleka askari wa miguu kwenye maeneo kama hayo mwaka 2009, uhalifu wa kutumia nguvu ulipungua kwa asilimia 23 ukilinganisha na maeneo ambayo hayakupelekewa. Najua wajumbe watauliza kama wezi hawatahamia mtaa wa pili. Tafiti nyingi zinaonyesha kuwa kwa sehemu kubwa hawahami, na mara nyingine majirani nao hupata nafuu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua filimbi na tochi, nunueni daftari. Mwombe mtendaji wa mtaa aandike kila tukio la misimu miwili iliyopita ambalo wananchi wanalikumbuka, pamoja na yale waliyochukulia RB (namba ya taarifa iliyoandikishwa kituo cha polisi): mahali hasa, siku, saa, kilichoibwa, na mwizi alitokea na kutokomea wapi. Chora ramani kwa mkono, utie nukta. Nitashangaa kama nukta hizo hazitajikusanya kwenye sehemu tatu au nne, pengine njia ya mkato isiyo na taa, pengine kwa wakala wa fedha siku ambazo wakulima wanalipwa. Ramani hiyo ipelekeni kwa polisi kata na kwa mkuu wa polisi wa wilaya, mkaombe doria ya sehemu hizo kwa saa hizo, kwa majuma ya malipo. Ombi la namna hiyo ni gumu kulikataa, kwa kuwa halihitaji askari wengi. Kama nukta ziko gizani, diwani adaiwe taa. Jaribio lililofanywa New York mwaka 2016 katika makazi ya umma lilionyesha kuwa taa za nje zilipunguza sana uhalifu wa usiku.

Kikundi cha ulinzi kinaruhusiwa. Sungusungu walioanzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitambuliwa kisheria mwaka 1989, na polisi jamii imekuwa sera ya Jeshi la Polisi tangu mwaka 2006. Lakini kikundi kifanye kazi kwa kujulikana na kituo cha polisi, majina yakiwa yameandikwa na kuchujwa, maana si mara moja mwizi ameingia kwenye ulinzi ili ajue nani hayuko nyumbani. Raia anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, na akishamkamata anapaswa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hana mamlaka ya kumfungia ofisini kwa mtendaji hadi asubuhi, kumhoji kwa viboko, wala kuingia nyumba ya mtu kupekua. Mshukiwa akifia mikononi mwa wanadoria, mashtaka yatakuwa ya mauaji, na hoja ya kwamba mkutano wa mtaa ulipitisha haitawasaidia.

Kuhusu shilingi 2,000, mchango wa hiari hauna tatizo ilimradi kuwe na risiti na hesabu zisomwe mkutanoni. Faini ni jambo jingine. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake, lakini mtaa hauna uwezo huo. Faini ya mjini inahitaji sheria ndogo iliyopitishwa na Baraza la Madiwani na kuidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mpaka hapo, asiyechangia mwombeni azungukie zamu moja kwa mwezi, na mjane au mzee asiyeweza lolote kati ya hayo aachwe alale.