Kijivu cha Ukutani Hakichaguliwi Dukani

Dada mmoja wa Tabata kaniandikia. Kaona picha za sebule yangu, kaipenda, sasa kakwama: ana kadi mbili za rangi mkononi, zote kijivu, fundi anaingia kesho kutwa, na mume kamwambia, "Chagua yoyote, si zote kijivu?" Dada yangu, kauli hiyo ya mume naijua vizuri sana.

Zote si kijivu kimoja. Ndani ya kijivu kuna rangi nyingine imejificha: bluu, kijani, zambarau au ile kahawia ya mchanga. Kwenye kadi ndogo huioni, ila ukishapaka ukuta mzima inatoka. Laza kadi zako mbili juu ya karatasi nyeupe, uzibananishe. Papo hapo utaona ipi inakimbilia bluu na ipi inakimbilia mchanga.

Mimi vya kwangu vilikuwa hivyohivyo. Fundi alitaka cha bluu, eti ndicho kinachotoka sana siku hizi. Wifi naye akamuunga mkono. Nikachukua makopo madogo ya rangi zote mbili, nikapaka mabaki ya jipsamu ya dari, mara mbili kila kipande, nikasubiri vikauke kwa sababu rangi ya maji ikikauka huwa inakolea. Halafu nikavihamisha: karibu na dirisha, kwenye kona, nyuma ya kochi, chini kwenye marumaru. Asubuhi kile cha bluu kilipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini madirisha yangu yanatazama bati la bluu la jirani, na jua likilipiga, ule ubluu wote unaingia sebuleni. Usiku nikawasha taa zetu nyeupe, zile zilizoandikwa 6500K kwenye boksi. Kile cha bluu kikawa ukuta wa wodi ya hospitali! Cha mchanga kikatulia vilevile. Baba watoto akakitazama, akanyamaza, na yeye akinyamaza ujue kakubali.

Tukapaka. Siku ya kwanza mama mkwe kuja, akaketi, akazungusha macho, akaniuliza mbele ya wageni: "Mwanangu, sasa rangi mtapiga lini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, na nikiikumbuka leo bado inanichoma, maana nyumba hii tumeijenga kwa kudunduliza, saruji tukinunua mfuko mmoja mmoja. Kwa kizazi chake ukuta wa kijivu ni plasta, ni nyumba ambayo pesa imeishia njiani. Lakini kuna jambo nililichukua pale. Kijivu kinataka kupakana na nyeupe safi, na fremu na dari tulikuwa bado hatujazigusa. Zilipopakwa nyeupe, ukuta ukasomeka kuwa umepakwa kwa makusudi. Na puti ipigwe sawasawa, kwani kijivu juu ya ukuta wenye mabonde hakina utetezi. Sasa hivi mama huyohuyo anamwelekeza mdogo wake apake "kama kwa mkwe wangu". Nimesikia kwa masikio yangu.

Jambo lingine, wapendwa: ushauri wa Ulaya na Marekani tuusome kwa akili. Wanasema chumba chenye dirisha la kaskazini kina mwanga wa baridi, yaani wa kibluu, kipake rangi ya joto, yenye umanjano. Ni kweli, kwao. Hapa Dar jua la mchana linapita upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, kisha linahamia kusini. Dirisha la kusini linapata jua Krismasi na kivuli mwezi Juni. Ndiyo maana mtu anaibeba Agreeable Gray au Repose Gray, vijivu vya kampuni ya rangi ya Marekani, Sherwin-Williams, kutoka kwenye picha, anachanganyiwa dukani, halafu nyumbani haifanani. Kwenye kadi zao rangi hizo zina namba ya kuakisi mwanga, 60 na 58, ambapo 0 ni nyeusi tii na 100 nyeupe kabisa. Kadi yako ikiwa na namba hiyo, itazame. Korido isiyo na dirisha usiipe namba ya chini.

Tuache kuchaguliwa rangi za nyumba na watu, jamani. Fundi akimaliza anaondoka na ngazi yake, wifi anarudi kwake, ukuta unabaki na wewe. Hela ya kopo dogo unaionea uchungu, ya ndoo ya lita 20 unaitoa bila kufikiri! Jaribu kwanza. Jaribu mchana, jaribu usiku, na taa zako mwenyewe. Na usijaribie juu ya ukuta wenye krimu ya zamani, maana kando ya krimu kijivu chochote kitaonekana cha bluu.

Kwa hiyo, dada wa Tabata, fundi mwambie asubiri. Na picha za kadi usinitumie nikuchagulie: kamera ya simu inajirekebishia rangi yenyewe, na mimi huku nitakuwa natazama kijivu ambacho wewe huna.