Nguo za Fagia Huishia Wapi?

SWALI: Ninauza mitumba Gikomba, Nairobi. Siku hizi nikifungua robota, nyingi ni nguo nyepesi zilizofumuka mishono, ambazo wateja hawazitaki hata kwa bei ya fagia, yaani bei ya chini kabisa ya mabaki. Je, ni kweli zinachafua mazingira, ilhali sisi tunazipa maisha ya pili?

JIBU: Dada yangu, kazi yako ni njema, na lawama ya kwanza si yako. Tatizo huanzia kiwandani, ambako nguo hushonwa harakaharaka ili ivaliwe mara chache tu kabla ya mtindo mwingine kuingia madukani. Chukua blauzi moja iliyokudodea, usome kitambaa kidogo kilichoshonewa ndani ya ukosi: mara nyingi utakuta ni poliesta, yaani plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Blauzi hiyo haiozi kama pamba. Ikitupwa kando ya Mto Nairobi, unaopita hapo hapo sokoni, au ikifika jaa la Dandora, humeguka polepole kuwa vijinyuzi visivyoonekana kwa macho, na ikichomwa hutoa moshi wenye sumu ambao watoto wa jirani huuvuta.

Pamba nayo ina gharama yake: Bahari ya Aral, ziwa kubwa la Asia ya Kati, ilikauka kwa sehemu kubwa baada ya mito yake kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba tangu miaka ya 1960.

Mabaki ya pamba wauzie mafundi wa magari wayafutie mikono. Ya poliesta usiyachome kamwe, na umweleze waziwazi anayekuuzia marobota kwamba takataka huzinunui.