Namba moja ya msuguano haitoshi kwa tairi la tuktuk

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako kwa makini: umeandika programu ya kukadiria umbali ambao tuktuk huhitaji ili isimame kwenye mteremko wa kivuko cha Likoni, ukaupa mpira namba moja ya msuguano, 0.8, na sasa hesabu haikubaliani na vipimo vyako. Tatizo ni hiyo namba. Sehemu kubwa ya msuguano wa mpira kwenye lami hutokana na mpira kubonyezwa na kuachiliwa na vijiwe, ukipoteza nishati kila mara, na upotevu huo hubadilika kwa kasi ya kuteleza na kwa halijoto, kama mtafiti wa mpira Grosch alivyoonyesha mwaka 1963. Lami yetu ya adhuhuri ya Januari si ile ya alfajiri.

Ili ujue mpira hubonyezwa mara ngapi kwa sekunde, gawanya kasi ya kuteleza kwa nafasi iliyopo kati ya vijiwe, au kati ya vijiinuko vidogo vilivyo juu yake: mita 1 kwa sekunde juu ya nafasi ya milimita 1 ni mitetemo 1,000 kwa sekunde, na juu ya milimita 0.01 ni 100,000. Ugumu wa mpira uliopimwa kwa mitetemo 10 kwa sekunde peke yake hautakufaa, hivyo mwombe mtaalamu wa maabara aupime katika halijoto mbalimbali. Kisha jaribu nadharia ya mwanafizikia Persson ya mwaka 2001, ijumlishayo mparuzo (vijiinuko vya uso wa lami) wa kila ukubwa, ila ujihadhari: matokeo hutegemea mno mparuzo mdogo kabisa unaouhesabu, nami ningeulinganisha kwanza na vipimo. Breki usizijaribu penye watu, hasa lami ikiwa imelowa.