Mizani inasoma 100, kompyuta inaandika ±00: tatizo liko wapi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Natunza hesabu kwenye ghala la nafaka hapa Tandale, Dar es Salaam. Mizani yetu ya umeme imeunganishwa na kompyuta kwa waya wa siriali, kupitia adapta ya USB. Programu ya kupokea uzito aliiandika kijana wetu kwa Python. Mizani ikisoma 96.5, kompyuta inaandika 96.5 sawasawa. Ikisoma 100.0, inaandika ±00.0. Ikisoma 87.2 zinatoka alama tupu, na "kg" siku zote inakuwa "ëç". Kasi ya mawasiliano tumeweka 9600 kama kitabu cha mizani kinavyosema. Tumeshanunua adapta ya pili, hali ni ileile. Kijana anataka aongeze amri ya kuruka alama zisizoeleweka. Tumruhusu? Tena, tukihamishia adapta kwenye tundu jingine la USB, programu inasema mizani haipo.

JIBU

Salama, dada. Nianze na la kijana: msimruhusu. Chukua gunia la kilo 163.5. Kwa hali mliyonayo sasa, ile 1 ya mbele inafika imeharibika, na kila mtu anaona kuna kasoro. Akiweka amri ya kuruka, 1 itapotea kimyakimya na kompyuta itaandika 63.5, namba safi kabisa isiyomshtua mtu. Hapo mwenye mzigo amepunjwa kilo 100 na hakuna wa kumtetea.

Adapta ni nzima, waya ni mzima, na kasi ni sahihi. Kasi ingekuwa imekosewa, tarakimu zote zingevurugika. Kwenu zinaharibika 1, 2, 4, 7 na 8 tu, huku 0, 3, 5, 6 na 9 zikipita salama. Mgawanyo huo haujatokea kwa bahati.

Kumbuka namba shufwa na witiri za shule ya msingi. Mizani nyingi hutuma kila herufi kwa biti 7, yaani tarakimu saba ambazo kila moja ni 0 au 1, kisha huongeza biti ya nane ya ukaguzi, iitwayo pariti. Kwa pariti ya shufwa, mizani huhesabu moja zilizomo ndani ya herufi. Zikiwa shufwa, biti ya ukaguzi inakuwa 0. Zikiwa witiri, inakuwa 1, ili jumla iwe shufwa. Tarakimu 6 ni 0110110: moja ziko nne, kwa hiyo inaongezwa 0 na hakuna kinachobadilika. Tarakimu 1 ni 0110001: moja ziko tatu, inaongezwa 1 mbele, inakuwa 10110001. Programu yenu inadhani biti zote nane ni za herufi, basi inasoma 177 badala ya 49, na 177 ndiyo hiyo ±. Herufi k na g zina moja tano kila moja, ndiyo maana "kg" haijawahi kutoka sawa hata siku moja.

Kompyuta haikulalamika kwa sababu vipimo vinalingana. Biti 7 na pariti, au biti 8 bila pariti, ukijumlisha biti ya kuanzia na ya kumalizia, zote ni biti 10. Kosa la namna hii linachosha mno. Niliwahi kumaliza siku nzima kwenye ghala moja Vingunguti nikibadilisha waya ambao haukuwa na ubaya wowote.

Kijana atafute mstari wa programu unaofungua poti, yaani mlango wa kompyuta unaopokea data ya mizani, auandike hivi, akiweka namba ya poti yenu:

serial.Serial('COM5', 9600, bytesize=7, parity='E', stopbits=1, timeout=1)

Asipotaja bytesize na parity, Python huchukua biti 8 bila pariti, na hapo ndipo mlipokwama. Kubadilisha kwenye Device Manager ya Windows peke yake hakutasaidia, maana programu ikifungua poti inaweka mipangilio yake yenyewe. Mizani msiiguse. Ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na sioni sababu ya kuchezea kifaa chenye lakiri wakati kosa liko kwenye programu. Mkimaliza, pimeni mizigo kadhaa mpaka zile tarakimu tano korofi zote zitokee, mkilinganisha kioo cha mizani na cha kompyuta. Mkitaka kujaribu kwa PuTTY, programu ya kuonyesha moja kwa moja kinachoingia kwenye poti, fungeni programu yenu kwanza. Poti ya siriali haifunguliwi na programu mbili kwa wakati mmoja.

Kuhusu tundu: adapta nyingi za bei nafuu hazina namba yake ya utambulisho, hivyo Windows huitambua kwa tundu ilipochomekwa. Ukihamisha, iliyokuwa COM5 inaweza kuwa COM7, na programu inaendelea kugonga mlango usio na mtu. Chagueni tundu moja, mlibandike tepu ya rangi, na adapta isitoke hapo. Ikilazimika kuhama, fungua Device Manager, bonyeza mara mbili jina la adapta chini ya Ports, ingia Port Settings kisha Advanced, uirudishie namba yake ya zamani. Windows ikikwambia namba hiyo inatumika wakati adapta nyingine haijachomekwa, ni kumbukumbu ya adapta ilipokuwa kwenye tundu la zamani; unaweza kukubali.